Kwa Kadzo, Habari za Misokoto ya Sidi

Shoga yangu Kadzo,

Sikuulizi hujambo, maana ukinijibu nitaacha kalamu na viatu nikimbie mpaka Takaungu. Mimi sijambo. Magoti yanauma, mdomo hauumi, na jirani zetu hapa Shella wangependa iwe kinyume chake.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Usicheke. Chuo cha Kurani niliingia, nikafika mahali, mwalimu akamwambia baba, "Huyu mtoto anasema kuliko anavyosoma, mrudishe nyumbani." Basi herufi ninazo, lakini zimeelemeana kama walevi wa tembo la mnazi, na wino nimejipaka mpaka kidevuni. Na wewe kusoma hujui hata herufi moja. Kwa hiyo tuko sawa. Nitaandika kama ninavyosema, nawe sikiliza kama ulivyokuwa ukisikiliza, kichwa umekiinamisha, vidole viko kazini, na lile "ehe" lako moja moja la kunifanya niendelee.

Najua unalotaka kusikia. Unataka habari za nywele za mtoto. Nitafika, usinisukume. Wajua mimi siwezi kwenda mahali moja kwa moja.

Miezi imepita. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, dume na jike, na lile dume limechukua tabia zangu, halinyamazi. Bi Rukia wa nyumba ya pili, yule mwenye ulimi mkali, amemwoza binti yake mdogo kwa mtu wa Takaungu. Mahari nzuri, bwana harusi mfupi. Pale uani penye kivuli cha ukuta, ulipokuwa ukikaa kusuka watu, hapajakaliwa na mgeni. Si kwamba nimekataza. Watu wakija wanapazunguka tu wenyewe, wanakwenda kukaa juani, wanasema jua leo si kali.

Nami nikipaona pale namkumbuka yule bibi mwenye bangili mpaka kiwikoni. Wamkumbuka? Alikuja kunitazama mimi, si wewe. Akakukuta umekaa, misokoto yako imeshuka mpaka kiunoni, akakunja pua. Akaniuliza mimi, kama vile wewe huna masikio, "Huyu mtu wa bara nywele zake hazina chawa?" Wewe ukainamisha kichwa mbele yake, taratibu, ukasema, "Shika, bibi." Hukukasirika, hukutabasamu. "Shika." Akanyoosha vidole viwili kama mtu agusaye samaki wa juzi. Halafu vidole vitatu. Halafu mkono mzima, ukakaa palepale, haukutoka. Nikamwambia, "Bibi, mrudishie mwenyewe kichwa chake." Juma lililofuata si alikuja na binti yake umsuke?

Zilikuwa laini, Kadzo. Wengine wakiacha nywele zijisokote zinakuwa magome ya mti. Zako zilikuwa na uhai. Msokoto mnene kama kidole gumba, ukiushika unajikunja mkononi kama mkia wa ndama. Na za mwanao Sidi vilevile, ulizianza wewe kwa vidole vyako tangu mtoto anatambaa, hata yule baba yake marehemu, aliyekuwa haoni kitu ila mnazi wake, alikuwa akisimama kuzitazama.

Sasa nafika.

Siku ile kaka yako Karisa alipokuja na vijana wanne na kitanda, kukuchukua ukauguzwe kwenu Vitengeni, ulikuwa umelala kwenye mkeka wangu na pumzi zako nilizihesabu kwa shida. Ukamshika Karisa mkono. Ukasema, "Sidi asinyolewe. Nikienda, asinyolewe. Na akae na Mwanakombo." Kwenu mtu akifiwa na mamaye kichwa kinapita wembe, hata mimi wa mjini nalijua hilo, na hiyo ndiyo heshima ya marehemu. Wewe ulikuwa unaomba uvunjiwe heshima yako mwenyewe. Wakakubeba, Sidi akifuata nyuma. Siku ya tatu zikaja habari. Sikukuona ukizikwa, na hilo mpaka leo halijanitoka.

Matanga yalipokwisha Karisa alimrudisha Sidi. Mtoto ameingia na kichwa chake kizima, macho yamevimba. Karisa hakutaka hata kukaa. Akaniambia amesimama mlangoni, "Wazee wamenuna. Wanasema asiyenyolewa hakulia. Nimewajibu nywele hizi zitatunzwa kama mamaye alivyozitunza, hiyo ndiyo itakuwa kulia kwake. Nitakuja mavuno yakiisha. Nikizikuta zimekauka, zinakatika, kama za mtoto asiye na mtu, nitamnyoa kwa mkono wangu, nirudi naye nyumbani. Na siku hiyo, mama, usiseme neno."

Mimi! Nisiseme neno!

Nikamwambia, "Nitazitunza." Nikasema kwa kifua kabisa. Nilikuwa nimekaa nawe nyumba moja, karibu na mikono yako, miaka kumi na zaidi, kila Alhamisi, wewe unamshughulikia Sidi mimi nakupa habari za mji. Nani ajuaye kuliko mimi? Na wajua, Kadzo, mimi Mungu hakunijaalia wa kwangu. Mtoto alipoingia chumbani akalala kwenye mkeka wako, nilikaa mlangoni nikamsikiliza anavyopumua, nikasema huyu haendi popote.

Ilipofika Alhamisi ya kwanza nikamkalisha pale pako. Nikanyoosha mikono. Nikagundua kwamba sijui lolote.

Naapa. Miaka yote ile macho yangu yalikuwa kwenye hadithi! Nilikuwa nikitazama mlango, nani anapita, amevaa nini, ametoka kwa nani. Mikono yako sikuitazama hata mara moja. Nikamuuliza Sidi, "Mamako alikuwa anaanzaje?" Akaniambia, "Mimi nilikuwa nimempa mgongo, mama. Niliona ukuta. Halafu nilikuwa nasinzia, nikiamka naona ameshanipaka mafuta." Na zako mwenyewe ulikuwa ukizimaliza kabla hatujaamka. Basi tukabaki wawili, mmoja aliyeona ukuta na mmoja aliyeona mtaa.

Nikajiambia, ulaini ni mafuta, hilo halina ubishi. Kibuyu chako cha mafuta kilikuwa bado, yale unayochanganya, mbono nusu na nazi nusu. Nikampaka. Juma la pili nikampaka tena, nikaongeza. Kikaisha. Nikaona zimekuwa nzito lakini ukizibonyeza ndani kukavu, kama mkate uliopakwa mafuta juu na umelala siku tatu. Nikafikiri mafuta hayatoshi, au si mazito. Sasa mafuta gani mazito kuliko yote? Utanisamehe. Nikatwaa samli.

Samli, ndiyo. Ile nzuri ya dukani, ya kupikia pilau. Nikaichanganya na mawaridi kidogo isinuke, nikamkandika mtoto kichwa kizima. Akalala mchana barazani. Sisimizi wakatoka kwenye ukuta wa msikiti mpaka kwangu, mstari mmoja, kama watu wa maulidi, wakapanda kichwani kwa mtoto. Akaamka anapiga mayowe. Bi Rukia akaja mbio, akasimama, akavuta pua, akasema, "Mwanakombo, unamsuka mtoto au unampika?" Nami kwa hasira nikamjibu, "Nampika, lete sahani." Akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo Sidi naye akacheka, mara ya kwanza tangu ufe, huku sisimizi wako shingoni. Kwa hiyo samli haikupotea bure kabisa.

Lakini ikabidi itoke. Nikamwosha kwa sabuni ya kufulia na maji ya kisimani, mara tatu. Hapo ndipo nilipoziua. Zilipokauka zilikuwa kamba za makumbi, Kadzo. Zinakwaruza. Asubuhi nikakuta kwenye mkeka kipande cha msokoto kimekatika, urefu wa kidole. Sidi alikuwa amekiona kabla yangu. Amekishika kiganjani. Nikamwambia, "Kimoja tu hicho." Akaniambia, "Cha pili, mama. Cha jana nilikificha usikione."

Nikaenda jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Wiki hiyohiyo ikaja salamu kutoka kwa Karisa, imeletwa na mtu wa mahindi. Mavuno yamekwisha, mwezi ukiandama yuko njiani. Nikahesabu. Siku kumi na saba. Sidi akaanza kukunja nguo zake taratibu, moja kila siku, akidhani sioni. Hataki kwenda. Si kwamba kwenu hapapendi, anawapenda, lakini huko wewe uko kaburini, na hapa kila kona ina sauti yako. Hayo aliyasema yeye, sikuyatunga mimi.

Sasa sikiliza lilivyonijia. Nilikuwa nimekaa uani nimeshika tama, Sidi yuko mbele yangu amenipa mgongo, hatujui tufanye nini na kile kichwa. Nami nikinyamaza sana naumwa. Nikasema basi nimpe mtoto hadithi, ile uliyokuwa ukiipenda, uliyonitaka niirudie mpaka nikachoka, ya Bi Mize wa Takaungu. Nikaanza, "Mume wa Bi Mize alimwambia mkewe, naenda Vitengeni kununua mahindi, siku nne nitarudi." Na ghafla, Kadzo, nikaiona mikono yako. Nilipolisema lile neno "mahindi" nikaiona inakung'uta vumbi, msokoto mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu apangusaye kikombe cha harusi.

Nikakatiza hadithi. Nikamwambia Sidi, "Usitikisike." Nikaendelea, pole pole, macho nimefumba, mikono yangu iko hewani inatafuta. "Bi Mize akamshuku. Akapika wali, akajitwika chungu, akaanza safari amfuate. Hata hajatoka mjini, kichochoro cha pili, nje ya nyumba ya mama mkwe, akasikia kicheko. Kicheko anakijua. Akatua chungu. Akashika mlango..."

Hapo nikakwama. Kwa sababu hapo, siku zote, ndipo ulipokuwa ukinikatiza.

"Mwanakombo, nipe maji."

Kila hadithi! Mlango ukishikwa, mwizi akitaka kuonekana, mke mwenza akitokeza, wewe "Mwanakombo, nipe maji." Miaka kumi nimekununia kwa jambo hilo. Nilidhani una kiu. Kuna wakati nilidhani ni kijicho, kwamba hutaki hadithi yangu ifike patamu. Nikawa nakwenda mtungini nabwata, narudi na kata ya maji, nakukabidhi bila kukutazama, naendelea na mlango. Sikuwahi kukuona ukiyanywa. Sikuwahi kutazama uliyafanya nini. Kumbe yalikuwa ya kichwa! Maji kwanza. Unazilowesha kwanza, zinywe zishibe, halafu mafuta yanakuja kuyafungia maji ndani yasitoroke. Nami nilikuwa nimefunga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Nilipiga kelele mpaka Bi Rukia akachungulia juu ya ukuta. "Kuna nini tena?" Nikamwambia, "Bi Mize ameshika mlango!" Akasema, "Maskini, sasa ameshikwa na wazimu," akateremka.

Tukaendelea, mimi na Sidi. "Akafungua mlango, akamkuta mumewe amekaa mkekani, mkono uko ndani ya sinia, anakula chakula cha mamaye, mashavu yamejaa." Hapo ulikuwa ukichukua leso iliyoloa, ukazifunga. Nakumbuka kwa sababu ulikuwa ukicheka umeshika ncha ya leso kwa meno. "Bi Mize akamwambia, bwana, kumbe mahindi ya Vitengeni siku hizi yana mchuzi." Halafu mambo mengi, mama mkwe alivyosema, mume alivyoapa, wali wa Bi Mize ulivyoliwa na nani, na muda wote huo leso iko kichwani haijafunguliwa. Hadithi ikiisha ndipo leso inafunguliwa. Ndiyo maana ulikuwa ukiniambia nisiifupishe! Na mwisho kabisa mafuta, tone moja kiganjani, unasugua viganja mpaka ving'ae tu, unavipitisha kama mtu ambembelezaye paka. Tone moja, Kadzo. Mimi nilikuwa nikitia kikombe.

Nikafanya vyote hivyo siku hiyohiyo. Mafuta ya nazi nikapika mwenyewe, mbono akaniletea yule mtu wa mahindi. Nikazilowesha, nikazifunga, nikasema hadithi tatu kwa usalama. Zilipoloa zilikuwa laini hata nikataka kucheza. Asubuhi zimekauka, na juu yake vumbi jeupe. Kamba zilezile, au pengine zaidi. Sidi akaulamba mmoja. Akageuka akaniambia, "Mama, chumvi."

Unajua kisima chetu kilivyo, kimekaribiana na bahari, maji yake hata chai hayaifai. Nikakaa chini. Nikajiuliza, huyu shoga yangu alikuwa akitumia maji gani? Na hapo magoti yangu yakanijibu. Kwa sababu nilikuwa nikilalamika! Kisima kiko hatua tatu kutoka pale pako, na wewe ulikuwa ukinipeleka mpaka mtungi wa nyuma ya nyumba, ule unaokinga maji ya mvua ya paa. "Si wa hapa, Mwanakombo, wa kule." Nikawa nasema magoti yangu, wewe unasema, "Wa kule." Hukunieleza sababu. Na mimi sikuuliza, maana ningeuliza ningepoteza mahali nilipofika kwenye hadithi.

Nikaukimbilia mtungi. Mkavu. Mjusi mmoja ndani, ananitazama. Tulikuwa kiangazi, mvua imekwisha zamani, na Karisa amebakiza siku kumi na mbili.

Nikakumbuka Bai, mke wa yule Mhindi mwenye duka la nguo, paa lao la bati na nyuma wana birika kubwa la maji ya mvua ambalo hata mumewe haruhusiwi kunawia. Nikaenda. Nikamweleza tangu mwanzo, Bi Mize na wote, jua likahama kutoka upande huu likaenda upande ule. Bai ananisikiliza, Kiswahili chake unakijua. Nilipomaliza akaniambia, "Wewe meleta maneno mingi kwa sababu ya maji kidogo. Kadzo kija hapa, nasema mbili tu: Bai, maji." Kumbe mtungi ukikauka ulikuwa ukienda kwake! Na hukuniambia, ukijua nitalieneza mji mzima na birika la watu likauke. Ulinijua vizuri. Akanijazia kibuyu, akanipa na onyo, nikitangaza hanipi tena. Nimeandika hapa tu, na wewe hutasema.

Kibuyu kimoja kwa kichwa kama kile ni siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nimefungua mlango namkuta Bi Rukia na mtungi wake wa maji ya mvua kichwani, ule anaouficha kwa ajili ya kuoshea nguo za sikukuu. Ameutua, amekunja uso. "Si kwa ajili yako. Ni kwamba nimechoka kukuona unampika mtoto." Halafu akasema, akitazama pembeni, "Kadzo alimsuka binti yangu mkubwa siku ya harusi. Alipomaliza nilimgusa yule mtoto kichwa, nikaona kama nimemzaa upya." Akaondoka kabla sijamshukuru.

Basi tukazinywesha. Asubuhi na alasiri, kidogo kidogo, kwa ncha za vidole. Leso, hadithi, tone. Mchana namfunika asipigwe na ule upepo wa baharini. Hadithi zikaniishia, Kadzo, amini usiamini. Nikaanza kumpa hadithi zako wewe. Ya bibi wa bangili. Ya ile siku ulipomkataa mke wa liwali aliyetaka umpake mafuta haraka haraka juu ya nywele kavu kwa sababu ana karamu, ukamwambia, "Bibi, mimi sipaki rangi mlango." Watoto wanahadithiwa habari za mama zao, sijui kwa nini sikuanza na hizo. Siku ya tisa nikaushika msokoto wa kisogoni, nikaukunja. Ukakunjika. Nikauacha, ukafunguka wenyewe, polepole, kama mtu anayejinyoosha akiamka. Sikumwambia Sidi. Nilikaa naushika tu.

Karisa alifika jana. Asubuhi, vumbi mpaka magotini. Nikampa maji, nikampa mkeka, salamu tukazimaliza zote, nyumba, watoto, mashamba. Halafu akatoa kifuko cha ngozi, akakiweka mbele yake. Ndani wembe. Akasema, "Sidi, njoo." Mtoto akaja akakaa, akampa mgongo mjombake kama alivyokuwa akikupa wewe. Nami nikafanya jambo ambalo mji huu haujaliona. Nilinyamaza.

Akashika msokoto wa juu. Akashika wa kati. Akaenda mpaka kisogoni, wa ndani kabisa, pale pasipodanganya. Akaunusa. Akaukunja, akauachilia, akautazama ulivyofunguka. Sikio langu moja lilikuwa linalia.

"Nani amezishika hizi?"

Sidi akasema, "Mama Mwanakombo."

"Huyu? Huyu asemaye?"

"Huyu."

Akanigeukia. "Umetia nini?"

Nami nilikuwa na maneno mia, samli, sisimizi, Bai, Bi Mize. Yote yakakimbia. Nikasema, "Maji."

Karisa akaupitisha tena ule msokoto kiganjani. Halafu akasema jambo usilopata kuniambia. Akasema mlipokuwa wadogo maji mlikuwa mkiyafuata mbali, safari ya nusu siku, na nyumbani tone halimwagwi. Na wewe, ukirudi na mtungi kichwani, ulikuwa ukija na funda moja mdomoni, umelibeba njia nzima, huwezi hata kuitika salamu. Ukifika unamwita yeye nyuma ya boma, kaka mdogo, unampulizia kichwani lile funda, unamfuta kwa kiganja. Mamenu alikupiga kwa hilo, kwamba unachezea maji. Hukuacha. "Njia yote ile na jua lile," akasema, "na yeye mwenyewe ana kiu." Akazidi kukaza macho kwenye ukuta. Mtu mzima yule, Kadzo, mikono kama mipini ya majembe.

Halafu akachukua kifuko akaanza kufunga.

Sidi akasema, "Mjomba, nipe wembe." Akaupokea, akapeleka mkono nyuma ya sikio, akatoa msokoto mmoja, ule mrefu, uliouanza kwanza kabisa. Akaukata mwenyewe, kwenye mzizi. Hakulia. Akaukunja duara, akaufunga kwa uzi, akamkabidhi Karisa. "Huu mpelekee mama. Waambie wazee nimelia. Nyingine nabaki nazo hapa, kama alivyosema."

Karisa akaupokea kwa mikono miwili.

Hivi ninavyoandika amelala barazani, anakoroma kama anapasua mbao. Kesho alfajiri anaondoka peke yake. Msokoto atauzika kichwani pa kaburi lako, na barua hii nimemwomba aiweke pamoja nao. Amecheka, amesema, "Marehemu hakujua kusoma." Nikamwambia, nawe wacha kunifundisha, huyu alikuwa akinisikia hata nisiposema. Amekubali.

Kwa hiyo nakuaga hapa, shoga yangu, kwa maana sikukuaga siku ile kitanda kilipoinuliwa. Nilikuwa nasema na wabebaji waangalie ngazi. Dua nakuombea kila siku, ingawa dini zetu si moja, na kama shehe ana neno anikute nyumbani. Nami nakupa ahadi moja, na ahadi yangu safari hii si ya mdomo. Mvua zikipita, nitakuja Vitengeni kwa miguu yangu hii mibovu, mimi na Sidi, hata ikiwa kwa siku tatu. Nitakaa pale ulipo, mtoto atakaa mbele yangu, na nitamshika nywele hapo hapo, uone mwenyewe mikono yangu, useme palipokosewa.

Lala, Kadzo. Mtoto wako ana mtu.

Mimi wako,
Mwanakombo